Tusi Si Hoja

Mtu aliyeishiwa na hoja huokota tusi, kama askari aliyevunjikiwa na mkuki aokotavyo tope. Tope huchafua nguo ya adui, lakini halijapata kuulinda mji. Nataka kusema nanyi, vijana wa shule, juu ya tope hili, maana nimeliona likirushwa madarasani, katika mabaraza ya mitaa, ndani ya matatu, na katika simu mnazozishika mikononi. Nimeona pia, kwa huzuni, kwamba mrushaji hupigiwa makofi, na mwenye ushahidi hurudi mahali pake ameinamisha kichwa. Mimi nasema kwamba makofi hayo ni hasara kwetu sote. Nasema zaidi: adabu katika mabishano si pambo la wanyonge. Ni chombo cha kutafutia kweli, na anayekitupa chombo hicho hataiona kweli hata kama akili yake ni kali kama wembe.

Sisemi kama mtu aliyekuwa safi tangu kuzaliwa. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulikuwa na chama cha mijadala. Jioni moja ilitolewa hoja kwamba shule za bweni ni bora kuliko shule za kutwa. Mimi nilikuwa mtetezi wa hoja. Mpinzani wangu alikuwa kijana mpole, mwenye daftari dogo mkononi, na ulimi wake ulichanganya herufi mbili ambazo ndimi nyingi katika nchi yetu huzichanganya.

Kijana yule alisimama, akafungua daftari lake, akasema hivi: Mwezi wa Machi, mwaka 2001, wavulana 67 walikufa kwa moto wa usiku katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, katika wilaya ya Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama wa shule. Mwongozo huo waagiza kwamba madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, na yafunguke kwa nje. Kwamba milango nayo ifunguke kwa nje. Na kwamba nafasi baina ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Kisha akauliza swali moja tu: Katika shule tulizokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, ni mabweni mangapi tuliyoyaona yakitimiza maagizo hayo? Asiyeweza kujibu, akasema, asiyaite mabweni bora.

Ile ilikuwa hoja. Nilijua kuwa ni hoja, kwa sababu katika shule niliyofanyia mazoezi nilikuwa nimeviona vyuma vya madirisha kwa macho yangu. Sikuwa na jibu. Basi nilisimama, nikalichukua neno moja alilolitamka vibaya, nikalirudia kama alivyolitamka, kisha nikalirudia mara ya pili kwa kubana pua. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mpinzani wangu alilifunga daftari lake taratibu, akaketi. Kura zilipopigwa, nilishinda kwa kura nyingi, nikabebwa juu juu na rafiki zangu hadi mlangoni.

Nilishinda nini? Madirisha yalibaki na vyuma vyake. Vitanda vilibaki vimebanana. Wanafunzi wa ualimu waliokuwa ukumbini, ambao kesho yao ilikuwa kupewa zamu ya mabweni, walitoka wakicheka badala ya kutoka wakifikiri. Na yule kijana hakusimama tena kusema katika chama kile mpaka tulipohitimu. Niliuziba mdomo mmoja, nikayanyima maarifa masikio mia.

Mwezi wa Septemba, mwaka 2024, niliposikia kwamba wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, nililikumbuka lile daftari dogo. Sisemi kwamba kicheko changu kilileta moto ule. Kusema hivyo kungekuwa hoja mbovu, nami nimeshika kalamu kupigana na hoja mbovu. Nasema kwamba swali lililozimwa kwa kicheko halifi. Hubaki likingoja, na tusipolijibu sisi kwa akili zetu, huenda siku moja likajibiwa na msiba.

Basi na tupime: tusi hufanya kazi gani katika mjadala? Huyaondoa macho ya watu katika jambo na kuyapeleka kwa msemaji. Tulikuwa tukitazama madirisha, ghafula sote tukatazama ulimi wa mtu. Lakini ulimi wake ulihusiana nini na madirisha? Mwizi akipita mtaani usiku akipiga kelele kwamba nyumba inaungua, je, tutamwuliza kwanza alikoiba, au tutatoka nje tukatazame paa? Ni kweli kwamba mtu anapotoa ushahidi wa jambo aliloliona yeye peke yake, tabia yake ya kusema kweli au uongo ina uzito, na hakimu huipima. Walakini anapotoa hoja ambayo kila mmoja wetu aweza kuipima kwa macho yake na kwa hesabu yake, basi kabila lake, mavazi yake, umaskini wake, matamshi yake na hata dhambi zake haziiongezei hoja hiyo uzito wala haziipunguzii.

Tusi lina ndugu zake, nao ni wajanja kuliko lenyewe kwa sababu huvaa nguo za heshima. Wa kwanza ni kumjengea mwenzako sanamu. Mkulima huisimamisha sanamu ya majani shambani, akaivika kofia, ili ndege waidhanie mtu. Mbishani mwovu hufanya vivyo hivyo. Mwenzake asema, "Vyuma viondolewe madirishani," naye hujibu, "Mwasikia? Huyu ataka shule zote za bweni zifungwe!" Kisha huipiga sanamu hiyo mpaka majani yakatawanyika, na watu humshangilia kana kwamba amempiga mtu. Mwenzake hakuguswa, wala hoja yake haikujibiwa.

Ndugu wa pili ni mfano mmoja uliotawazwa kuwa sheria. "Mjomba wangu hakwenda shule, naye leo ana maduka matatu, basi elimu haina faida." Je, wajomba wengine ambao hawakwenda shule nao hawana maduka, wako wapi? Hawakuitwa kutoa ushahidi. Mfano mmoja hutosha kuvunja neno "wote", lakini hautoshi kulijenga. Mtu akisema mabweni yote yana vyuma, bweni moja lisilo na vyuma lamtosha kumkosoa. Lakini bweni moja lisilo na vyuma halithibitishi kwamba mabweni yote ni salama. Mkishika kanuni hii moja tu mtaepukana na nusu ya mabishano ya bure.

Ndugu wa tatu ni wingi wa sauti. "Kila mtu ajua hivyo." Kura huamua nani atakuwa kiongozi na sheria gani ipite, haiamui kama jambo ni kweli. Siku ile ukumbi wangu ulipiga kura, na kura haikung'oa hata chuma kimoja.

Sasa wako watu watakaonijibu, nami nawajua, kwa maana nilikuwa mmoja wao. Watasema: "Mwalimu, adabu ni woga. Dunia ni ya wakali. Anayesema polepole hasikilizwi." Hawa huchanganya vitu viwili, ukali wa hoja na ukali wa tusi. Kumwambia mtu, "Hesabu yako si sahihi, na hapa ndipo ulipokosea," ni neno kali kuliko kumwita mjinga. Neno "mjinga" hukuacha na hasira tu. Lakini anayekuonyesha mahali ulipokosea hukuacha bila pa kukimbilia. Mpinzani wangu wa chuoni hakumtukana mtu hata mmoja, na hoja yake ilinibana mpaka nikakosa pumzi. Mimi niliyetukana ndiye niliyekuwa mwoga. Niliogopa kusema maneno mawili: "Hapo umenishinda."

Kama mwataka mfano mkubwa kuliko huo, tazameni ushairi wenu wenyewe. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi, pamoja na diwani yake, akazieleza kanuni za vina na mizani. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya Kichomi, iliyokuwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Pakazuka mgogoro mkubwa. Upande mmoja ulisema kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi la Kiswahili. Upande wa pili ulisema kwamba vina na mizani ni vazi tu, wala si roho ya ushairi. Yalisemwa maneno makali na pande zote mbili. Lakini yaliyosalia leo ni yapi? Zimesalia hoja. Mulokozi na Kahigi waliziandika zao katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, na Jumanne Mayoka akawajibu watu wa mkondo huo katika kitabu alichokiita Mgogoro wa Ushairi, mwaka 1986. Kitabu kilijibiwa kwa kitabu. Nanyi leo, katika darasa moja na kwa mtihani mmoja, mwasoma mashairi ya arudhi na mashairi huru, na mwaulizwa maswali juu ya yote mawili. Lugha yetu ilitajirika kwa ugomvi ule kwa sababu watu walikubali kuketi chini na kuandika sababu zao. Kama wangalitukanana tu, tungalirithi nini kwao?

Wako na wengine watakaonijibu kutoka upande wa pili, na hawa ni wakubwa. Watasema: "Umesema vema, mwalimu. Wafundishe watoto adabu, waache kujibizana na watu wazima." La! Sikusema hivyo, wala sitakubali maneno yangu yatumiwe kuwa kifuniko cha chungu. Adabu ninayoitetea si kunyamaza. Mwanafunzi anayesimama, akasema, "Samahani, mwalimu, nadhani jibu la ubaoni lina kosa katika mstari wa tatu," ameuheshimu ualimu kuliko yule anayeliona kosa, akalinakili, na kumcheka mwalimu nje ya mlango. Wazee wetu walisema kwamba mkubwa ni jalala; maana yake, mkubwa huvumilia yatupwayo juu yake. Basi mkubwa asiyeweza kuvumilia hata swali la heshima, ukubwa wake u wapi? Mzazi au mwalimu anayelijibu swali la mtoto kwa kofi amefanya yale yale niliyoyafanya mimi chuoni: ameacha jambo, amempiga msemaji. Na mtoto huyo hujifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, naye hungoja tu siku ya kuwa na nguvu.

Msidhani kwamba haya ni mambo ya shule tu. Uchaguzi wetu wa tarehe 27 Desemba, mwaka 2007, ulifuatwa na ghasia ambazo Tume ya Waki ilihesabu kuwa ziliua watu 1,133. Sababu zake zilikuwa nyingi, mashamba, umaskini, na mashaka juu ya kura, wala si haki kuzipunguza ziwe moja. Lakini kabla ya mapanga yalitangulia maneno. Katika sehemu za Bonde la Ufa wachochezi waliwaita jirani zao "madoadoa". Lipimeni neno hilo. Jirani ana madai, nawe waweza kuyapinga; ana hati ya shamba, nawe waweza kuipeleka mahakamani. Doa halina madai wala hati. Doa haliulizwi lina sababu gani. Doa husuguliwa likatoka. Hivyo ndivyo tusi linavyofanya kazi likikomaa: humwondoa mtu katika daraja ya wale wanaoweza kujibiwa kwa maneno, na aliyeondolewa huko hubaki kujibiwa kwa silaha.

Ghasia zile zilitulizwa kwa nini? Kwa mazungumzo. Viongozi waliokuwa hawaonani uso kwa uso waliketishwa meza moja na wapatanishi walioongozwa na Kofi Annan, kila upande ukatakiwa kutaja madai yake na kuyasikiliza ya mwenzake, na tarehe 28 Februari, mwaka 2008, mapatano yakatiwa sahihi. Nchi ilirudi mahali ilipopaswa kuanzia. Baadaye, katika Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 33 ilimpa kila mtu uhuru wa kusema, na ibara hiyo hiyo ikasema kwamba uhuru huo hauwi ngao ya uchochezi wala ya matamshi ya chuki. Wenye kudai kwamba uhuru wa kusema ni uhuru wa kutukana watu wa kabila jingine hawajaisoma ibara hiyo hadi mwisho.

Hata Bunge letu, ambalo vijana wengi hulidhani kuwa shule ya matusi, lina kanuni za hekima. Mbunge hamwelekezi maneno mpinzani wake. Humwambia Spika, "Mheshimiwa Spika," ili maneno yapite katikati kama maji yapitavyo katika kichujio. Akitoa lugha chafu aweza kuamriwa kuyafuta maneno yake. Na akidai kwamba jambo fulani ni kweli aweza kutakiwa kulithibitisha. Angalieni kwamba kanuni hizi mbili zaenda pamoja: futa tusi, leta ushahidi. Kwamba wabunge wenyewe huzivunja mara kwa mara si hoja ya kuzidharau, kama wizi usivyokuwa hoja ya kuondoa kufuli.

Na kabla ya Bunge tulikuwa na baraza. Katika miji ya pwani baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, watu huketi hapo jioni wakazungumza. Neno hilo hilo twalitumia kwa mkutano wa chifu na kwa Baraza la Mawaziri. Siri ya kiti hicho ni nini? Ni kwamba waketio hapo leo wataketi hapo kesho. Mtu ajuaye kwamba kesho ataketi bega kwa bega na mwenzake hupima ulimi wake. Leo maneno yetu husafiri kwa simu, hatuoni uso wa mtu anayeyapokea, nasi twadhani kwamba hatutaketi naye tena. Twajidanganya. Nchi ni baraza moja, wala hapana kiti kingine.

Kwa hiyo nawapa desturi tatu, zinazotosha kuanzia. Kwanza, kabla ya kumpinga mwenzako, irudie hoja yake kwa maneno yako mpaka aseme, "Ndivyo nilivyosema." Hapo hutaweza kupiga sanamu. Pili, muulize, "Umejuaje?" nawe uwe tayari kuulizwa vivyo hivyo. Kuuliza si ujinga, na kuulizwa si kutukanwa. Tatu, ukishindwa, kiri. Anayekiri kosa hupoteza mjadala mmoja, lakini huondoka na maarifa ambayo hakuja nayo. Asiyekiri huondoka na ujinga ule ule, tena umepakwa rangi ya ushindi.

Miaka kadhaa baada ya kuhitimu nilikutana na mpinzani wangu katika mkutano wa walimu. Nilimwendea, nikamwomba radhi kwa jioni ile. Alitabasamu, akasema, "Ndugu yangu, nilikwisha kusamehe zamani. Lakini niambie: huko unakofundisha, madirisha ya bweni yana vyuma au hayana?" Hata siku ile hakuzungumza juu yangu wala juu yake. Alizungumza juu ya jambo. Sikuweza kumjibu, kwa kuwa sikuwahi kutazama.

Nilirudi shuleni, nikatwaa daftari, nikayahesabu madirisha moja moja, kisha nikaandika barua kwa mwalimu mkuu, yenye hesabu yangu na maagizo ya mwongozo wa mwaka 2008. Barua haikuwa na neno moja la lawama wala la kujisifu. Ilijadiliwa kwa ukali katika kikao cha walimu. Wengine walitaja wezi, wengine gharama, na hoja zote mbili zilistahili kujibiwa, nasi tukazijibu. Muhula uliofuata fundi alikuja na msumeno.

Nanyi, wasomaji wangu, mtasimama katika mijadala mingi kuliko mimi. Itakuja saa ambayo mtu atakuuliza swali usiloweza kulijibu, na mbele yako utamwona ana kasoro ya kuchekwa. Utakuwa na njia mbili. Ukimcheka, watu watakupigia makofi. Ukinyamaza ukafikiri, pengine hapana atakayekushangilia. Chagua kufikiri, kwa sababu makofi huisha kabla hujafika kitandani, na kitanda hicho huenda kiko karibu na dirisha lenye vyuma.